Mama Sahani na Miaka Sita ya Tope

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wazima wote wawili ilikuwa Jumanne. Mke wangu aliamka kabla yangu kama siku zote. Alichemsha chai, akanimiminia yangu kwenye kikombe kikubwa, akafunika na kisosi isipoe. Mimi nilikuwa natafuta kofia.

"Umeivaa," akasema.

Nikapapasa kichwa. Kweli.

"Siku utakayotafuta kichwa chenyewe, sikuambii."

Saa nne tulikuwa ziwani. Nilipiga makasia mpaka kwenye boya la manjano, nikageuza mashua kivuli kiwe upande wake. Akashusha sahani. Akainama mpaka kidevu kikakaribia maji.

"Imepotea," akasema. Akasoma fundo la kamba. Akavuta taratibu. "Imerudi."

Akaandika kwa penseli: mita nne na sentimita ishirini. Maneno hayo mawili, imepotea, imerudi, nimeyasikia kuliko nilivyosikia jina langu. Wakati wa kurudi nilimuuliza jambo moja, akanijibu. Hilo nitalisema nikifika mahali pake.

Jumatano kichwa kilimuuma. Tukampeleka hospitali. Alhamisi mchana alikuwa hayupo tena.

Watu walimwita Mama Sahani, na wengi hawakujua jina lake jingine. Sahani yenyewe ni ya bati, upana wa mfuniko wa sufuria kubwa, imegawanywa robo nne kwa rangi: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Chini ina nati ya lori ili izame vizuri. Juu ina kamba yenye mafundo, fundo moja kila sentimita kumi. Unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma. Unaivuta mpaka ionekane, unasoma tena. Katikati ya hizo mbili ndiyo namba ya siku. Maji yakiwa safi namba ni kubwa. Yakichafuka inapungua. Kazi ni hiyo tu. Aliifanya miaka ishirini na tisa.

Alianza kwa kufagia. Kituo cha utafiti wa ziwa ni nyumba ya vyumba vitatu karibu na gati: kimoja cha meza na makaratasi, kimoja cha chupa za maji, kimoja cha kulala wageni. Mkuu wa kwanza aliitwa Daktari, na mwezi wa kwanza akina mama walimpelekea watoto wenye kikohozi. Akawaambia yeye ni daktari wa ziwa. Mama mmoja akamuuliza ziwa linaumwa nini. Akasema hajui, ndiyo maana anapima kila siku. Mke wangu alikuwa anapiga deki pale pale. Jioni aliniambia, "Yule mtu ana akili. Kaulizwa, kasema hajui."

Daktari alikuwa na safari nyingi. Alitafuta mtu wa kumpimia, akajaribu wanaume watatu. Wa kwanza aliruka siku za mvua. Wa pili alinakili namba za jana. Wa tatu alikaa kwake akaandika wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Aliyemgundua huyo wa tatu ni mfagiaji, maana yeye ndiye aliyefuta vumbi kwenye kabati la vifaa.

"Daktari," alisema, "kamba ina vumbi tangu Jumatatu. Kitu kinachokwenda ziwani kila siku kinapataje vumbi?"

Daktari akamkabidhi sahani siku hiyo hiyo. Wale wanaume walisema mwanamke atachoka kabla ya mwezi kuisha. Wawili kati yao alishawazika.

Mimi ni seremala. Mashua niliiunda mimi, na makasia nilishika mimi. Alisema hataki kupelekwa na mtu mwenye maneno mengi, atamchanganya hesabu. Mimi maneno sina. Kusoma alinifundisha yeye, tukiwa watu wazima tayari, kwa madaftari hayo hayo ya ziwa. Ndiyo maana namba nilizijua kabla ya herufi.

Alikuwa na masharti. Kila siku, kati ya saa nne na saa sita. Upande wa kivuli. Macho yale yale. Siku ambayo hakupima, mstari unaachwa wazi, hakuna kukisia. Binti yetu alipoolewa, mama yake alipima akiwa amevaa nguo ya sherehe, akaingia ukumbini pindo limeloa. Bwana harusi akauliza kama mvua inanyesha. Na alipopewa miwani, mwezi mzima alipima mara mbili, na miwani na bila miwani, akaandika zote mbili. Nikamwambia anajipa kazi. Akasema anataka wajue macho gani yanaongea.

Kulikuwa na sharti jingine, la Jumamosi. Pale mwisho wa gati kuna nguzo ya chuma yenye alama za rangi, inaonyesha kina cha maji kutoka chini. Daktari alimwambia kila Jumamosi ashushe sahani pale mpaka iguse chini, aandike namba mbili: nguzo inasema nini, kamba inasema nini. Hakumweleza kwa nini. Baadaye Daktari alistaafu, akaja mkuu mwingine, na mwingine, wote wakasema hilo la Jumamosi halina kazi. Yeye aliendelea. Alikuwa na daftari lake dogo jekundu kwa ajili hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Miaka saba iliyopita binti yetu alijifungua mtoto wa kwanza. Mama yake akaenda kumsaidia siku tisa. Siku tisa hizo ziko wazi kwenye daftari mpaka leo, kwa sababu macho yangu hakuyataka. Lakini aliniachia kazi moja. Kamba ya Daktari ilikuwa imechakaa, akaniambia nitafute kamba mpya, nifunge mafundo kila sentimita kumi.

Nilinunua kamba ya plastiki, nzuri, nyeupe, watu wanaanikia nguo. Nikailaza kwenye meza ya karakana. Nikapima kwa futi yangu ya chuma, nikafunga fundo moja moja. Kazi safi. Aliporudi akaniuliza, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima." Hakuuliza tena. Fundi wa miaka mingi anaulizwa mara moja.

Mimi nimezoea mbao. Mbao ukiipima imepimika. Kamba nilikuwa sijawahi kuifanyia kazi.

Miaka ikapita. Namba zikawa zinashuka kidogo kidogo. Yeye akasikitika, akasema ziwa linachafuka. Na kwenye nguzo ya gati, Jumamosi baada ya Jumamosi, kamba ilisema kina ni kidogo kuliko nguzo inavyosema. Kwanza sentimita tatu. Mwaka uliofuata tano. Kisha saba. Akaamua ni tope. Tope linajaa chini ya nguzo, sahani inalikalia kabla ya kufika chini. Akaandika kwenye daftari jekundu: tope tatu, tope tano, tope saba.

Tope nalo lazima liwe na mwenyewe. Pale gatini kuna kijana wa makamo anaosha magari, tunamwita Povu. Miaka sita Povu hakupumua.

"Povu, tope lako limefika sentimita nane."

"Mama, mimi naosha gari moja kwa siku. Hilo tope la nane natoa wapi?"

"Kwenye matairi."

"Basi lipime na la wengine, usinipimie mimi tu."

Povu akahama mara mbili. Mara ya pili alikwenda kuoshea magari mbali na gati, karibu na barabara, anabeba maji kwa ndoo. Na tope bado likapanda.

Halafu mwaka jana ikaja habari ya mtandao. Kuna mtandao wa wataalamu wa maziwa, wako nchi nyingi, kila mmoja na ziwa lake, na kila baada ya miezi mitatu wanatoa jarida la habari zao. Jirani yetu fundi cherehani aliposikia wataalamu wa maziwa wanakuja alileta jagi. Tukamweleza. Akarudi na jagi lake.

Mkuu wa kituo wa sasa ni mwanamke kijana, tunamwita Mkuu, naye mke wangu alimwita mwanangu. Alikuja nyumbani na barua. Wataalamu wanatengeneza orodha ya maziwa yaliyopimwa mfululizo, bila pengo kubwa, miaka ishirini na tano au zaidi. Ziwa litakaloingia, mabadiliko yake yatafuatiliwa na dunia nzima. Lisiloingia, basi, litakuwa maji tu kwenye ramani.

"Mama, sisi tuna ishirini na tisa," Mkuu akasema. "Tumeshaingia."

Mke wangu aliinuka akaenda kukosha vikombe vilivyokuwa visafi. Ndivyo alivyokuwa akifurahi.

Barua ilikuwa na maswali. Sahani ina upana gani. Uzito gani. Kamba ni ya aina gani, na ilikaguliwa lini. Akaniita na futi yangu. Akasema wameuliza, tukague. Tukaitundika kamba kwenye boriti la karakana, imeloa, sahani inaning'inia chini kama inavyokuwa ziwani. Mafundo kumi yanatakiwa kuwa mita moja. Nikapima.

Sentimita mia moja na sita.

"Futi yako imechakaa," akasema.

"Futi haichakai."

Akaenda kwa fundi cherehani akaazima ya kwake. Mia moja na sita.

Nilijua kabla yake. Nilijua nilipoiona ile kamba imekaza. Mimi niliipima ikiwa kavu, imelala, haina mzigo. Ikaenda ziwani miaka sita na nati ya lori, ikavutika. Kila mita aliyoandika ilikuwa mita na kitu. Ziwa halikuwa linachafuka namna ile. Kamba ilikuwa inarefuka.

Tukakaa kwenye benchi la karakana. Hesabu haikuwa ngumu hata kwangu. Ishirini na tisa ukitoa sita inabaki ishirini na tatu. Walitaka ishirini na tano.

"Nifunge kamba mpya," nikasema. "Kamba nzuri, isiyovutika. Kuanzia kesho namba ziwe sawa. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua. Mimi nimeshajua. Hao ni wawili."

"Wawili wa nyumba moja."

"Na kesho ziwa litasafika kwa siku moja. Wataalamu watakaa vikao kutafuta nani kalisafisha. Utawaambia nini? Seremala?"

Nilisema niandikwe mimi, basi, kwamba kosa ni la fundi. Akainuka akaenda kutafuta penseli.

Aliandika barua kwa mkono wake, kwa penseli, mezani jikoni. Nimeisoma mara nyingi baadaye. Ilikuwa fupi. "Kamba yetu imerefuka. Namba za miaka sita ni ndogo kuliko ukweli. Tulikosea. Msizitumie mpaka mhakikishe. Samahani kwa usumbufu." Akampelekea Mkuu. Mkuu alisoma, akasema, "Mama, nikiituma hii tunatoka."

"Itume, mwanangu."

"Tusubiri hata wiki. Tufikirie."

"Kufikiria nimeshafikiria. Imebaki kutuma."

Ikatumwa. Wiki tatu hakukuwa na jibu. Aliendelea kwenda ziwani kila siku na kamba mpya, na ile ya zamani akaifungia kabatini, akasema ni ushahidi. Sikuwahi kumwona akilia kwa jambo hilo. Ila kula alikula kidogo, na madaftari ya miaka sita aliyatoa kwenye rafu akayaweka peke yake chini, kama watoto walioadhibiwa.

Jibu lilipokuja lilikuwa swali. Mtaalamu mmoja wa mtandao, wa mbali huko, aliuliza: kuna kitu chochote kingine ambacho kamba hiyo hiyo ilikipima, katika miaka hiyo hiyo, ambacho kina chake mnakijua kwa njia nyingine? Mkuu akasema hakuna. Alikuwa anatafsiri huku amekata tamaa.

Mke wangu akakaa chini. Sakafuni kabisa, ofisini. Akaanza kucheka. Mkuu akaogopa, akanitazama.

"Tope langu," akasema. "Mwanangu, kalete lile daftari jekundu. Tope langu lote limo."

Jumamosi zaidi ya mia tatu. Kila moja ina namba ya nguzo na namba ya kamba. Nguzo ni chuma, hairefuki. Tofauti aliyoiita tope ndiyo kamba yenyewe, jinsi ilivyovutika, wiki kwa wiki, imeandikwa. Kwa kulitumia daftari hilo mtu angeweza kurudi nyuma akairekebisha kila siku ya ile miaka sita. Alikuwa amejiandikia dawa miaka yote akidhani anaandika ugonjwa wa mwingine. Mkuu alishika kichwa. Alikaa nalo siku nne anachapa namba, mke wangu anamsomea.

Siku ya tano mke wangu alisema twende kwa Povu. Nikauliza kuna haja gani. Akavaa viatu.

Povu alimwona kwa mbali akaweka ndoo chini.

"Mama Sahani, leo tope limefika wapi?"

"Leo kesi ni yangu. Tope halikuwepo."

"Halikuwepo lini?"

"Halikuwepo kabisa. Ilikuwa kamba."

Povu akatutazama, yeye na mimi. "Miaka sita nasingiziwa, mpaka nabeba maji kwa ndoo kutoka ziwani mpaka barabarani. Mgongo huu. Kumbe kamba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kamba yenyewe iko wapi? Ije iombe."

"Iko kabatini. Nimeifunga."

Povu alijaribu kununa, ikamshinda. "Basi yaishe, mama. Lakini tairi la kwanza nitakaloosha pale gatini, uje utazame."

Alikwenda, akatazama. Alisimama pale mpaka tairi la nne.

Madaftari yakapelekwa, tukasubiri tena. Miezi ikapita. Tukiwa katika kusubiri huko ndipo ikafika ile Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi.

Jumamosi tulimzika, saa kumi. Saa nne ya siku hiyo Mkuu alikwenda gatini, akapima kwenye nguzo. Povu alimshikia daftari jekundu. Na kwenye daftari kubwa la kila siku Mkuu amepiga mstari chini ya ile Jumanne, akaandika: kuanzia hapa macho ni mengine. Yeye ndiye anayepima sasa. Makasia bado nashika mimi.

Jarida lilifika baada ya wiki mbili. Mkuu alikuja nalo karakana, akavuta kigoda, akanisomea kwa lugha yetu, kila habari, hakuruka. Kuna ziwa la nchi ya baridi, barafu yake imechelewa siku kumi na mbili. Kuna ziwa jingine, wapimaji wake walipoteza boya, wakalikuta kwenye shamba la mtu. Kuna mzee wa huko mbali amestaafu baada ya miaka arobaini, wanatafuta wa kumrithi. Kisha ya kwetu.

Wameliingiza ziwa letu. Miaka yote ishirini na tisa. Ile sita wameirekebisha kwa daftari la Jumamosi, na wamehakiki mara mbili. Wameandika kwamba ziwa letu linachafuka kweli, lakini polepole kuliko walivyodhani, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa kwao. Na wamewaagiza wanachama wote, kwenye maziwa yote, kila Jumamosi wakague kamba zao kwenye kitu kisichorefuka. Mkuu alisema mmoja ameshajibu kuwa ya kwake imevutika miaka kumi na moja, na daftari jekundu hana.

Chini kabisa walichapa barua yake yote. Nikamwomba Mkuu anionyeshe lile neno liko wapi kwa lugha yao. Akaweka kidole. Tulikosea.

Hapo ndipo nirudi kwenye mashua, ile Jumanne. Tulikuwa tumeshapima. Nilikuwa napiga makasia kurudi, yeye anakunja kamba. Nilikuwa nimelibeba hilo neno miezi mingi. Nikamuuliza kwa nini aliandika tulikosea, wakati kamba nilinunua mimi, mafundo nilifunga mimi, na nilimwomba aniandike.

Alimaliza kukunja kwanza. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza:

"Wewe ulifunga mara moja. Mimi nikasoma kila siku miaka sita, nikamsingizia Povu. Sasa nikuandike wewe peke yako, mimi niende wapi? Piga kasia la kushoto, unatupeleka kwenye matete."